Masomo ya jikoni

Huku kwetu Kivu watoto wengi wanafuga kobayi jikoni. Sisi wazazi tunaona nyama tu, ao pesa ya dawa. Tunasahau kwamba mule jikoni mna masomo.

Mtoto anayekata majani kila siku anajifunza kuhesabu: mimba ya kobayi ni siku 68 hivi. Anaona vitoto vinazaliwa na manyoya, macho yamefunguka, na baada ya siku chache vinatafuna majani. Anajua kwamba akikosa majani mabichi kobayi anadhoofika, kwa kuwa mwili wake, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Samadi anaipeleka kwenye lengalenga, anaona namna zinavyositawi.

Lakini tukimwachia kazi bila kumweleza, anajifunza uchovu tu. Na tukiuza kobayi wake bila kumwambia, tunamfundisha wizi.

Mithali 12:10 inatufundisha kwamba mwenye haki anajali uhai wa mnyama wake. Basi, jioni ya leo tuingie jikoni, tumuulize mtoto: wangapi wana mimba? Kisha tumsikilize.