Picha Hii ya Mawingu ni ya Saa Ngapi?

Picha za mawingu zinazopigwa na setilaiti sasa zimo mikononi mwa kila mwenye simu au kompyuta. Mkulima huzitazama kabla ya kuanika mpunga, na mvuvi kabla ya kuingia baharini. Hata hivyo, picha iliyo sahihi kabisa yaweza kumpotosha mtu asiyejua ilipigwa saa ngapi.

Tuchukue mfano wa nahodha wa mashua huko Kilwa. Saa kumi alasiri anafungua programu yake na kuona bahari isiyo na wingu. Simu yamwonyesha kwamba faili ni ya saa kumi kasorobo, naye anaridhika. Kumbe hiyo ni saa ambayo faili iliingia simuni. Picha yenyewe ilipigwa asubuhi. Wingu la mvua ya radi laweza kukua na kukomaa kwa muda wa saa moja tu. Nahodha huyo, basi, hana habari yoyote ya bahari anayoiendea.

Katika makala haya tunaeleza namna ya kuitambua saa halisi ya picha, na namna ya kuondoa hitilafu za majina ya faili na saa ambazo watumiaji hukutana nazo mara nyingi.

SAA TATU KATIKA FAILI MOJA

Faili ya picha ya setilaiti huweza kubeba saa tatu tofauti. Ya kwanza ni saa ya kupigwa picha angani. Ya pili ni saa ambayo kituo cha ardhini kilitengeneza faili. Ya tatu ni saa ambayo faili ilihifadhiwa katika kifaa chako. Kwa mtu anayetaka kujua hali ya mawingu, saa yenye maana ni ile ya kwanza peke yake.

Saa ya tatu ndiyo inayoonekana kwa urahisi zaidi, nayo ndiyo inayodanganya zaidi. Hubadilika unapopakua faili, na huweza kubadilika unapoinakili au unapotumiwa na rafiki. Picha ya juzi iliyopakuliwa leo huweza kuonekana katika orodha kana kwamba ni ya leo. Kwa hiyo tunamshauri mtumiaji asiitegemee kamwe tarehe ya orodha ya faili. Aitafute saa iliyoandikwa ndani ya picha yenyewe, kwa kawaida pembeni au chini, au iliyo katika jina la asili la faili.

KUISOMA SAA YA SETILAITI

Picha nyingi za ukanda wetu hutoka kwa setilaiti za Meteosat, zinazoendeshwa na EUMETSAT, shirika la nchi za Ulaya lenye makao yake Darmstadt, Ujerumani. Mojawapo ni Meteosat-9, ambayo tangu mwaka 2022 imekuwa ikiangalia Bahari ya Hindi kutoka nyuzi 45.5 mashariki, kimo cha kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta. Hupiga picha moja kila baada ya dakika 15.

Saa za picha hizo huandikwa kwa UTC, yaani saa sanifu ya dunia, ambayo wengi wetu tumezoea kuiita saa za Greenwich. Saa za Afrika Mashariki ziko mbele ya UTC kwa saa 3. Nasi tuna jambo la ziada: tunahesabu saa kuanzia mapambazuko. Mtu akiona 0900 akadhani ni saa tatu asubuhi, amekosea. Picha hiyo ni ya saa sita mchana. Jedwali hili litamsaidia:

0000 UTC: saa 9 usiku
0300 UTC: saa 12 asubuhi
0600 UTC: saa 3 asubuhi
0900 UTC: saa 6 mchana
1200 UTC: saa 9 alasiri
1500 UTC: saa 12 jioni
1800 UTC: saa 3 usiku
2100 UTC: saa 6 usiku

Baada ya 2100 UTC, tarehe yetu huwa imekwisha kubadilika ilhali ya UTC bado. Tuseme jina la faili lina tarakimu 202404302230. Maana yake ni mwaka 2024, mwezi wa 04, tarehe 30, saa 22 na dakika 30 UTC. Kwetu sisi picha hiyo ni ya saa saba na nusu usiku, tarehe 1 Mei. Mtumiaji anayeitafuta katika folda ya Mei hataipata, kwa kuwa programu imeiweka katika folda ya Aprili. Haikupotea wala haina kasoro.

Si kila jina hufuata mpangilio huo. Faili za setilaiti za GOES za Marekani, zinazoangalia mabara ya Amerika, huandika siku kwa hesabu ya mwaka mzima badala ya mwezi na tarehe. Kwa hiyo 2024061 ni siku ya 61 ya mwaka 2024, yaani tarehe 1 Machi.

HITILAFU ZA KAWAIDA NA TIBA ZAKE

1. Programu yasema hakuna picha mpya. Programu nyingi hutunga jina la faili kwa kutazama saa ya kifaa chako, kisha huiomba faili yenye jina hilo. Iwapo saa ya ukutani ni sahihi lakini kifaa kimewekwa katika ukanda wa UTC, programu itaomba picha ya saa 3 zijazo, ambayo bado haijapigwa. Rekebisha kwanza ukanda wa saa, ndipo urekebishe saa yenyewe. Katika kompyuta nyingi ukanda wetu huorodheshwa kwa jina la Nairobi.

2. Picha yaonekana kuwa ya saa zijazo. Huenda saa 3 zimeongezwa mara mbili: mtoa huduma ameshazigeuza saa kuwa za hapa, nayo programu yako imezigeuza tena. Acha mgeuzo mmoja tu. Tunapendekeza faili zibaki katika UTC, na mgeuzo ufanywe wakati wa kuonyesha tu.

3. Saa yaruka kwa saa moja. Jambo hili huwapata hasa watumiaji wa Ziwa Tanganyika. Upande wa Tanzania hutumia UTC na saa 3. Burundi, Zambia na mashariki ya Kongo hutumia UTC na saa 2. Simu ikinasa mtandao wa ng'ambo ya ziwa huweza kujibadilisha saa yenyewe. Zima mpangilio wa kubadili ukanda wa saa peke yake, kisha uchague ukanda wako.

4. Mawingu yarudi nyuma katika picha za mfululizo. Programu hupanga picha kwa majina. Majina yakiwa picha1, picha2 hadi picha10, baadhi ya programu huiweka picha10 mbele ya picha2. Mtazamaji huona mvua ikielekea baharini, kumbe inakuja pwani. Tumia tarakimu zilizo sawa kwa idadi, ukianza na mwaka, kisha mwezi, tarehe, saa na dakika, kama ilivyo katika 20240430_2230UTC.

5. Programu yakataa kuifungua faili. Kivinjari huongeza (1) mwishoni mwa jina ukipakua faili ileile mara ya pili, na programu huenda isilitambue jina hilo. Pengine jina lina vitambulisho viwili, kama .jpg.png, kwa sababu kompyuta ilikuwa imekificha kimoja. Weka mipangilio ionyeshe majina kamili. Kumbuka pia kwamba Windows haikubali nukta mbili katika jina la faili. Andika 2230, si 22:30.

6. Picha haibadiliki. Baadhi ya tovuti huiita picha mpya kwa jina lilelile kila mara, na kivinjari hukuonyesha nakala ya zamani kiliyoihifadhi. Futa nakala hizo, ufungue ukurasa upya, kisha utazame saa iliyo ndani ya picha.

Tofauti ya dakika chache isikutie wasiwasi. Meteosat-9 huanza kusini na kuishia kaskazini kwa muda wa dakika kama 12. Aina moja ya faili huandika saa ya kuanza, nyingine huandika saa ya kumaliza; hivyo picha ileile yaweza kuwa ya 1200 au 1212.

JUA NI SHAHIDI

Ipo njia moja ya kuhakiki isiyohitaji utaalamu. Tazama picha ya mwanga wa kawaida, si ile ya joto ambayo huonekana usiku na mchana. Saa 12 asubuhi, mwanga huwa ndio kwanza unaingia pwani yetu kutoka mashariki. Saa 6 mchana, Afrika Mashariki yote huwa na nuru. Picha inayodai kuwa ya adhuhuri huku pwani yetu ikiwa gizani ina saa isiyo sahihi.

KABLA YA KULIPIA PROGRAMU

Muulize muuzaji mambo matatu: saa inayoonyeshwa ni ya kupigwa picha au ya kupakuliwa, ni ya UTC au ya hapa, na picha mpya huja kila baada ya muda gani. Asiyeweza kujibu hajaijua bidhaa anayoiuza. Ukipata hitilafu, usilibadilishe jina la faili ya asili. Fanya nakala ndipo uifanyie majaribio. Jina la asili, picha ya skrini na risiti ndivyo vielelezo vyako utakapolalamika.

Mwisho, picha ya setilaiti huonyesha yaliyokwisha kutokea. Haiwi badala ya utabiri. Kabla ya safari ya majini, sikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Na picha ambayo huwezi kuithibitisha saa yake, ihesabu kuwa ni ya zamani, wala usiifanyie uamuzi unaogusa maisha ya watu au mali.