Ukishinda mbali na mtoto, usiache kukamua

Nilirudi kazini mtoto akiwa hajafikisha miezi mitatu. Wiki hiyohiyo nikatumwa Sengerema. Alfajiri nilimnyonyesha, nikamwacha na bibi yake, nikashuka mjini kupanda kivuko cha Kamanga. Nilijua nitachelewa kurudi, lakini sikujiandaa kwa lolote.

Kufika saa 8 mchana matiti yalikuwa magumu kama mawe. Blauzi imelowa, nikajitanda kanga na kuendelea na kazi. Jioni nafika nyumbani, bibi akanishauri maziwa hayo niyamwage kwanza, kwamba yameshinda juani na yamechacha.

Wengi wanaamini hivyo. Ukweli ni kwamba maziwa hayachachi yakiwa ndani ya titi. Mtoto anyonye tu. Kosa langu lilikuwa jingine: kutwa nzima sikukamua.

Titi hufuata mahitaji

Mwili hutengeneza maziwa kulingana na yanayotoka. Titi likishinda limejaa, mwili unapata taarifa kwamba maziwa hayahitajiki sana, na baada ya siku kadhaa hupungua. Hapo ndipo mama anaposema "maziwa yangu yamekata", na uji unaanza mapema.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 64 ya watoto wa umri huo nchini ndio wanaonyonyeshwa hivyo.

Kwa hiyo kamua kila baada ya saa 3 hivi, hata kama huna pa kuyahifadhi. Maziwa utakayoyamwaga leo hayajapotea bure, kwa sababu yanalinda ya kesho.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inampa mama likizo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Inamtaka pia mwajiri amruhusu mama kunyonyesha wakati wa kazi, hadi saa 2 kwa siku.

Lakini ukiishi Kisesa na kazi iko mjini, saa hizo zinaweza kuishia kwenye daladala. Zungumza na mwajiri wako uzitumie kukamua, na uombe chumba chenye mlango unaofungwa. Choo si mahali pa kuandalia chakula cha mtoto.

Mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba au Igombe hana mwajiri wa kumwomba. Yeye anahitaji kanga, maji, sabuni na jirani wa kumwangalizia biashara kwa nusu saa.

Mikono inatosha

Pampu inasaidia, ila si lazima. Nawa mikono kwa sabuni. Weka kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini, nyuma kidogo ya sehemu nyeusi inayozunguka chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, rudia. Usivute chuchu wala kuburuza vidole kwenye ngozi. Yakipungua kutoka, baada ya dakika 3 hadi 5, hamia titi la pili, kisha rudia yote mawili. Hata hivyo haipaswi kuuma. Ikiuma, badilisha mahali unapobana.

Kinga kwenye chombo safi chenye mdomo mpana na kifuniko, kilichooshwa na kuchemshwa. Kwa joto la Mwanza, maziwa yaliyo nje ya friji yatumike ndani ya saa 4. Kwenye friji hukaa hadi siku 4, yakiwekwa ndani kabisa, si mlangoni. Kama uko safarini, weka chombo ndani ya hotpoti iliyojaa barafu.

Mweleze anayebaki na mtoto: mafuta yakipanda juu si kuharibika, atikise taratibu. Asiyachemshe, aweke chombo kwenye maji ya moto kiasi. Ampe kwa kikombe kidogo kilichochemshwa, mtoto akiwa amekaa wima, kwani chupa ya chuchu ni ngumu kuisafisha. Yakibaki baada ya mtoto kunywa, yasivuke saa 2.

Titi likiwa jekundu, linauma na una homa, nenda kituo cha afya, huku ukiendelea kunyonyesha au kukamua. Mama anayetumia dawa za kudumu azungumze na mhudumu wa kliniki ya mama na mtoto.

Safari ya pili ya Kamanga niliandaa hotpoti usiku. Saa 4 asubuhi na saa 7 mchana nilikamua katika chumba cha mama mmoja niliyemwomba, naye wala hakushangaa. Jioni nilimkabidhi bibi chombo. Akakitikisa, akakitazama, kisha akaniuliza kama kesho nitaleta kingine.