Kava la mifuko huigeuza ndoo kuwa kabati

Katika vyumba vya kupanga vya Manzese, Tandale au Mbagala jijini Dar es Salaam, ndoo ni samani. Ndani yake hukaa unga, nguo za mtoto, viatu vya shule, nyuzi na mikasi ya mama anayeshona, koleo na bisibisi za fundi umeme. Kabati linataka nafasi na fedha. Ndoo yenye mfuniko hukaa kwenye kona, na siku ya kuhama hupandishwa kwenye bajaji pamoja na kila kilichomo. Taabu yake inajulikana: vitu hulaliana. Anayetafuta sindano huimwaga ndoo nzima sakafuni.

Taabu hiyo inaondolewa na kava la kitambaa lenye mifuko kwa nje. Ndoo hubaki na vitu vikubwa, mifuko hushika vidogo vinavyotafutwa kila siku. Hii ni kazi ambayo fundi cherehani yeyote wa barazani anaimudu, na naamini inastahili kupewa uzito uleule unaopewa gauni au mkoba.

Kuvisha vyombo na samani hatukujifunza leo. Makochi ya sebule nyingi yana vitambaa vya kufuma, na watu wa Pwani wana kawa iliyosukwa kwa ukili ya kufunikia chakula. Kava la ndoo linafuata njia hiyo, ila lenyewe limeongezewa kazi ya kuhifadhi. Kwa hiyo uzuri wake upimwe kwanza kwa mifuko yake.

Kitambaa kipo tayari. Chini ya meza ya fundi huwa kuna kiroba cha mabaki ya vitenge, vipande vilivyo vidogo mno kwa blauzi lakini vinavyotosha upande mmoja wa ndoo. Jinzi za mitumba, ziwe za soko la Karume pale Ilala au Gikomba jijini Nairobi, zinafaa zaidi kwa mifuko ya vitu vizito. Suruali iliyochakaa magotini mara nyingi bado ni nzima nyuma ya mapaja, na mifuko yake ya nyuma imeshonwa imara tangu kiwandani. Ikate pamoja na kitambaa chake, uibandike ilivyo. Fua vipande vyote kabla ya kupima, kwa sababu pamba hurudi ikiloana na baadhi ya vitenge huchuja.

Kwenye vipimo ndipo makava mengi yanapoharibikia. Mdomo wa ndoo ni mpana kuliko kitako, ndiyo maana dukani ndoo hupangwa moja ndani ya nyingine. Ukishona kitambaa chenye upana mmoja juu na chini, kitapwaya chini na mifuko italegea. Zungusha futi chini kidogo ya ukingo wa mdomo, kisha karibu na kitako. Tuseme umepata sentimita 96 juu na 84 chini. Gawa kwa nne: kila kipande kitakuwa na 24 juu na 21 chini, halafu ongeza sentimita moja kila upande kwa ajili ya mshono. Vipande vinne vinaumeza upungufu wote bila lastiki, na vinakuruhusu kutumia mabaki ya rangi tofauti.

Shona mifuko kwenye kila kipande kabla ya kuviunganisha, ili pembe za mifuko zibanwe ndani ya mishono. Mfuko wa mkasi uwe mwembamba na wenye kina. Wa roli za uzi uwe na mkunjo katikati ili upanuke. Mdomo wa mfuko ndio unaovutwa kila siku, kwa hiyo rudisha cherehani nyuma pale mshono unapoanzia na unapoishia. Kwa jinzi, tumia sindano namba 16, nyembamba hukatika.

Katika mishono miwili inayotazamana, acha nafasi wazi juu, pale masikio ya mkono wa ndoo yalipo. Weka kamba fupi pande zote za nafasi hizo, uzifunge juu ya masikio. Hapo masikio ndiyo yatakayobeba uzito na kava halitateleza, na mfuniko utafunga vizuri. Chini, kata kava liishie sentimita tatu juu ya sakafu, maji ya kudekia yasilifikie. Ndoo ya maji usiivishe kabisa, kwa kuwa kitambaa kinachoshinda na unyevu huota ukungu. Na ndoo iliyokuja na rangi ya ukuta ni ya zana na nyuzi. Unga na maharage viwekwe kwenye ndoo iliyotengenezwa kwa chakula.

Soko la kazi hii liko karibu. Kwenye kitchen party, bibi harusi hupewa ndoo, mabeseni na masufuria. Ndoo iliyovishwa kitenge, yenye mifuko ya miiko, visu vyenye ala na vitambaa vya kufutia vyombo, ni zawadi itakayotumika miaka mingi. Msusi anayefuata wateja majumbani anahitaji mifuko ya vitana, nyuzi na vibanio. Mzazi wa mtoto mchanga anahitaji mfuko wa poda, wa mafuta na wa pini. Kila mmoja ni mteja mwenye kava lake, na kila kava ni kazi ya kufanywa katika siku ambazo hakuna nguo za harusi wala sare za shule mezani.

Mafundi wetu wasione haya kutoza bei ya haki kwa kazi hii. Kitambaa kinaweza kuwa cha mabaki, lakini vipimo, mikunjo na mishono ni ufundi uliojifunzwa kwa muda mrefu. Na mteja akileta ndoo yake, swali la kwanza lisiwe rangi anayoipenda. Aulizwe ni vitu gani anavitafuta kila asubuhi. Majibu yake yaandikwe kwa chaki mezani, kila kitu na kipimo chake, ndipo mkasi ushikwe.