Somo la Kusoma: Majina ya Mungu

Leo tutasoma neno fupi: BWANA. Liandikeni, kisha mlisome kwa sauti.

Neno hili mwalitumia kila siku. Mume huitwa bwana. Mwenye shamba huitwa bwana. Zamani hapa Unguja mwenye watumwa naye aliitwa bwana. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alilifunga soko la watumwa la mjini, na huko Mkunazini, palipokuwa na soko, Wakristo wakajenga kanisa kuu. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, ambaye pia alifasiri sehemu nyingi za Biblia kwa Kiswahili cha Unguja. Katika Biblia Mungu huitwa Bwana. Basi fikirini: mtu aliyetolewa utumwani, ambaye bwana wake alimnunua kama mbuzi, akiambiwa kuwa Mungu ni Bwana, ataelewa nini?

Shida hii ya majina ni ya kale. Yapata mwaka 500 Mkristo mmoja aliyejiita Dionisio aliandika kwa Kiyunani kitabu juu ya majina ya Mungu. Jina lake la kweli halijulikani mpaka leo. Alifundisha hatua mbili.

Ya kwanza: tumwite Mungu Mwema, Nuru, Uzima, kwa kuwa mema yote yatoka kwake.

Ya pili: tukiisha kusema hivyo, tukumbuke kuwa Mungu apita kila jina. Ni Nuru, lakini si kama nuru ya taa, ambayo mafuta yakiisha huzimika. Ni Bwana, lakini si kama bwana wa sokoni. Mwisho mtu hunyamaza, si kwa kumkana Mungu, bali kwa kuwa maneno yote hayamtoshi.

Ninyi Waislamu mnayajua Majina Mazuri tisini na tisa, nanyi pia mwafundishwa kuwa Mwenyezi Mungu hafanani na kiumbe chochote.

Kwa mafundisho haya, yule aliyetolewa utumwani angeweza kutamka neno Bwana bila kumfananisha Mungu na mtu aliyemnunua.

Kazi ya leo: andikeni sentensi mbili. Ya kwanza iseme nuru ya taa yafanya nini. Ya pili iseme Mungu hafanani na taa hiyo kwa jambo gani. Kwaherini mpaka somo lijalo.