Hesabu ya Vifaa vya Kukarabati Jiko

Ukizunguka nyuma ya nyumba nyingi hapa kwetu Mugutha utakuta rundo la kokoto lililoota nyasi, na kando yake jiko lililokarabatiwa nusu. Pesa ziliisha. Si lazima mwenye boma awe mvivu au fundi awe mwizi (ingawa wengine, mh!). Aghalabu ni kwa sababu hakuna aliyekaa chini na kalamu kabla ya kwenda dukani. Nitawaelezea jinsi hesabu hiyo inavyofanywa, na mfano wangu ni jiko la kwetu.

Mwaka huu mama alipata zamu yake ya chama, shilingi 60,000. Wanachama ni ishirini, kwa hivyo zamu nyingine iko mbali. Jiko letu ni la mawe, lakini lilikuwa na sakafu ya udongo, kuta bila plasta, na moshi ulitokea mlangoni peke yake. Nyanya yangu ndiye hupika humo kwa kuni, na alikuwa akikohoa tangu mvua za Aprili. Moshi si jambo la kufanyia mzaha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 watu milioni 3.2 walifariki ulimwenguni kutokana na hewa chafu ya majumbani, hasa moshi wa kupikia.

Fundi alikuja, akatazama huku na huku, akasema, "Mama, wewe leta tu mifuko 25 ya saruji na lori moja ya mchanga. Hayo mengine tutaona." Hilo neno "tutaona" ndilo humaliza pesa za watu. Mama akanipa kamba ya kupimia na daftari.

Tuanze na sakafu. Chumba kina futi 10 kwa futi 12, yaani futi 120 za mraba. (Darasani tunapima kwa mita, lakini fundi anaongea futi na inchi, basi tumfuate.) Zege la unene wa inchi 4 ni theluthi moja ya futi, kwa hivyo tunahitaji futi 40 za ujazo. Hapo ndipo wengi huteleza. Ukichanganya vifaa vikavu na maji, mchanga huingia katikati ya kokoto, nayo saruji huingia katikati ya mchanga, na rundo linapungua. Ili upate futi 40 za zege lililokwisha kushikana, anza na futi kama 60 za vifaa vikavu. Mchanganyiko wa sakafu ni 1:2:4, jumla mafungu 7. Gawanya 60 kwa 7 upate karibu futi 8.6 kwa kila fungu. Mfuko mmoja wa kilo 50 una ujazo wa futi moja na robo hivi. Inakuja mifuko 7, tukaandika 8 kwa sababu ya ile inayomwagika.

Kwa njia hiyo hiyo plasta ya kuta zote, yenye unene wa nusu inchi, ilitaka mifuko 4, kulainisha sakafu mifuko 3, na meza ya zege pamoja na kushikiza bomba la moshi mifuko 3. Jumla 18, wala si 25. Saruji ilikuwa shilingi 750, kwa hivyo tofauti ni shilingi 5,250. Mifuko saba ya ziada ingefanya nini? Ingekaa stoo ikinyonya unyevu mpaka iwe mawe.

Fundi hakufurahi sana, lakini alikubali. Tulibishana tu juu ya wilbaro. Yeye huchanganya mfuko mmoja, wilbaro mbili za mchanga na nne za kokoto, akisema hiyo ndiyo 1:2:4. Sivyo. Mfuko una kama lita 35, ilhali wilbaro hubeba lita 60 au zaidi. Ukipima hivyo, unamwaga zege hafifu ambalo litaanza kutoa vumbi ukifagia. Tulitumia ndoo ya lita 20. Kwa kila mfuko, ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto.

Kuhusu bei, angalia kitu kinatoka wapi. Sisi tuko karibu na machimbo ya mawe ya Ndarugu na Juja, kwa hivyo mawe na kokoto havisafiri mbali. Mchanga wa mto mwingi hutoka pande za Machakos na Kajiado, na mvua ikinyesha malori hayaingii mtoni, bei inapanda. Nunua mchanga wakati wa kiangazi. Sisi tulihitaji kama tani mbili na nusu, tukashirikiana lori na jirani aliyekuwa akijenga ukuta. Na msidanganywe na bei ya mfuko pekee. Duka moja liliuza saruji kwa shilingi 720, lakini mkokoteni wa kuileta nyumbani ulikuwa shilingi 800. Lile la 750 lilileta bure. Rahisi ghali.

Sasa tujumlishe. Saruji 13,500. Mchanga na kokoto pamoja na usafiri, 11,000. Bomba la moshi la bati kutoka kwa mafundi wa jua kali, na dirisha, 12,500. Fundi 1,200 na mtu wa mkono 800 kwa siku, siku saba, 14,000. Misumari, vyuma vya meza, rangi na vikorokoro vingine, 5,000. Jumla ni 56,000, na inafaa kuweka akiba ya sehemu moja kwa kumi, kwa maana hakuna ujenzi usio na la kushtukiza. Tayari tulikuwa tumepita. Na bado dada yangu alikuwa akililia vigae! Vya sentimita 30 vingeenea kama 120, ukiongeza vya kuvunjika 132, katoni nane.

Vigae vikafutwa. Kwa maoni yangu havifai hata kidogo mahali kuni zinapoangushwa; saruji iliyopakwa rangi nyekundu inatosha. Plasta nayo tukaipunguza ikomee futi 4 kutoka chini, tukaokoa mifuko miwili na siku moja ya kazi, jumla shilingi 3,500. Akiba ikawa 7,500. Bomba la moshi na dirisha hatukuvigusa. Kama tungenunua kwanza na kuhesabu baadaye, nadhani bomba ndilo lingekosa pesa, maana fundi huliweka mwisho.

Akiba ilianza kuliwa na kitu ambacho hakuna mtu hukiandika: maji. Sakafu mpya hulowanishwa siku saba ili isipasuke, na mfereji wetu ulikuwa umekauka. Tulinunua mitungi sita kila siku. Nyanya alipikia chini ya mwembe wiki hiyo nzima, na kikohozi kikaanza kupungua hata kabla bomba halijasimamishwa.