Usaha Unatoka Wapi Kama Mshipa Haujapasuka?

Msomaji mmoja ameuliza: mwanawe alichomwa na mwiba, damu ikakata upesi, lakini baadaye kidole kikavimba na kutunga usaha. Ikiwa usaha ni chembe nyeupe za damu zilizokufa, zilitokaje mshipani na damu yenyewe ikabaki ndani?

Utamu uko kwenye ukuta wa mshipa.

Chembe nyeupe ni kama mtu aliyesombwa na Rufiji iliyofurika. Anadaka tete, linamkatikia. Anadaka la pili, nalo linakatika. Lakini kila tete limempunguzia mwendo, hadi anaukamata mzizi, anatulia, kisha anajipenyeza kati ya mikoko. Matete hayo ni molekuli ziitwazo selektini. Seli za ukuta huficha baadhi yake katika vifuko ambavyo wanasayansi Weibel na Palade walivieleza mwaka 1964. Pakiumia, hujitokeza ndani ya dakika chache, na chembe ikaanza kubiringika juu yake. Mzizi huushika kwa integrini, mkono uliokuwa umekunjwa. Ikihisi kemokini, kemikali za wito zilizobandikwa ukutani, mkono hunyooka na kung'ang'ania.

Tena mwili umeushinda mto wangu. Tete ukilivuta zaidi, linang'oka mapema. Selektini ikivutwa kwa kiasi hukaza. Mvuto ukilegea, huachia. Maabarani, mkondo ukipunguzwa mno, chembe zilizokuwa zikibiringika hubanduka na kuelea. Yaani kasi inayotaka kuzisomba ndiyo inayozishikiza! Sijachoka kulistaajabia jambo hili.

Kupenya kwenyewe huchukua dakika chache. Kiini cha neutrofili, aina ya chembe nyeupe ijaayo kwenye usaha, kina vinundu vilivyounganishwa kwa nyuzi nyembamba, hivyo hupita kimoja kimoja, na seli za ukuta hukutana tena nyuma yake kabla damu haijafuata. Ndani ya tishu hutambaa kama mikromita 10 kwa dakika, ikifuata wito.

Wapo watoto wachache wanaozaliwa na hitilafu ya integrini. Kwa kuwa chembe zao haziwezi kung'ang'ania ukutani na kupenya, damu yao hujaa chembe nyeupe kupita kawaida, kitovu huchelewa kudondoka, na vidonda vyao havitungi usaha hata vikijaa bakteria.