Ukubwa wa Picha katika Uchapaji wa Kompyuta: Mfano wa Ramani ya Goma

1.0 Utangulizi

Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, na lava ikapita katikati ya mji wa Goma hadi Ziwa Kivu. Tarehe 22 Mei 2021 ililipuka tena. Kwa wakazi wa Goma, basi, ramani iliyomo katika kijitabu cha tahadhari si pambo la ukurasa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi picha (au foto, kama wengi wasemavyo mjini humo) inavyoingizwa ukurasani na kubadilishwa ukubwa bila kupotosha habari iliyomo.

2.0 Kuingiza picha

Tuchukue mfano wa Scribus, programu ya kupanga kurasa itolewayo bila malipo. Mpangaji huchora fremu kwanza, kisha huiita picha kutoka katika faili lake. Izingatiwe kwamba kionekanacho ukurasani ni mithili ya kivuli tu. Faili lenyewe hubaki lilipowekwa. Likifutwa au likihamishwa, picha hutoweka katika fremu. Kwa hiyo, apelekaye kazi kwa mchapaji hana budi kukusanya kurasa na mafaili yote ya picha katika folda moja.

3.0 Ukubwa na nukta

Picha iliyopigwa kwa kamera ya kompyuta, au iliyoskaniwa, ni mkusanyiko wa nukta, na habari iliyomo haiongezeki kwa kuivuta. Kwa uchapaji mzuri huhitajika kwa kawaida nukta 300 katika kila inchi. Picha yenye nukta 1,200 kwa 1,800 itatosha inchi 4 kwa 6, yaani takriban sentimita 10 kwa 15. Ikikuzwa mara mbili, hubaki nukta 150 kwa inchi, na majina madogo kama Birere na Himbi huanza kufifia. Kioo cha kompyuta hakiufichui upungufu huo, karatasi huufichua.

4.0 Uwiano na skeli

Aidha, uwiano wa upana na kimo sharti ufungwe. Tarehe 27 Mei 2021 wakazi wengi wa Goma walipoamriwa kuhama, walielekezwa Sake, upande wa magharibi. Ramani iliyobanwa ubavuni ingeisogeza Sake karibu kuliko ilivyo, na mwenye kutembea na watoto angeipanga safari yake kwa umbali wa uongo.

Hata ramani iliyopunguzwa kwa uwiano sahihi yaweza kudanganya. Ikiandikwa 1:50,000 kisha ikapunguzwa nusu, sentimita moja huwakilisha kilometa 1 badala ya nusu kilometa, ilhali maandishi yanabaki yaleyale. Dawa yake ni kuchora skeli ya mstari ndani ya ramani, ili mstari huo upungue na ukue pamoja nayo.

5.0 Hitimisho

Kwa muhtasari, mpangaji aamue kwanza ukubwa wa picha karatasini, ahesabu nukta, ndipo aiingize. Kisha achape nakala moja ya majaribio na kuipima kwa rula kabla ya kuruhusu nyingine zichapwe.